Sura ya Nne: La Mgambo Likilia, Linamwita Nani?

Swali ni moja, na hapa Bujumbura nimelisikia miaka mingi kwa maneno yaleyale: "Hili tangazo linatuhusu na sisi?"

Anauliza mama anayeuza ndagala Buyenzi. Karatasi imemfikia kwenye simu kama picha, ina nembo ya serikali juu na muhuri wa duara chini, na katikati kuna aya nne za Kifaransa. Anauliza dereva wa Hiace aliyesikia nusu ya habari redioni kabla abiria hawajaanza kelele. Anauliza mzee ambaye mwanawe ni askari, naye haulizi kwa udadisi. Kila mmoja anataka kujua jambo dogo la nyumbani kwake: kesho nifungue biashara au nifunge? Mtoto aende shule? Mgeni aliyelala kwangu jana, nimwandikishe wapi?

Majibu ya barazani huwa mawili. Mmoja atasema, "Vita hiyo inakuja." Mwingine atasema, "Hayo mambo ya wakubwa, tuacheni." La kwanza humfanya mtu auze mali kwa hasara na kukimbilia kijijini bila sababu. La pili humfanya akutwe njiani saa ambayo hakutakiwa kuwa njiani. Wote wawili hawakulisoma tangazo, na siwalaumu, maana halikuandikwa ili wao walisome.

Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Kilicholia ni mbiu, pembe ya nyati, na mlio wake haukueleza chochote zaidi ya hilo, kwamba kuna jambo. Uliwatoa watu majumbani. Kisha mpiga mbiu alisimama akaeleza kwa mdomo, kwa lugha ya mtaa ule, na asiyeelewa akauliza papo hapo. Kwenye milima ya Burundi ilikuwapo induru, sauti ya hatari iliyopokewa kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na waliofika mbio waliambiwa ana kwa ana kilichotokea. Siku hizi pembe inafika mpaka mfukoni mwa kila mtu, lakini mwelezaji hafiki. Sura hii ni kwa ajili ya kazi yake.

Tangazo la ulinzi ni kitu gani?

Ni neno rasmi la serikali kuhusu usalama wa nchi, linalomtaka raia ajue jambo, afanye jambo au aache jambo. Hapa kwetu mara nyingi huitwa komunike, yaani taarifa iliyoandikwa na kutiwa saini ili isomwe hadharani. Komunike yenyewe kwa kawaida hutoa habari ya uamuzi. Uamuzi wenyewe huwa kwenye karatasi nyingine: dekree, ambayo ni amri ya rais, au odonansi, ambayo ni amri ya waziri. Ukisikia redioni "kwa mujibu wa odonansi namba fulani," ujue nyuma ya sauti ile kuna karatasi, na karatasi hiyo ndiyo yenye masharti yote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtazama msemaji. Tangu mwishoni mwa 2004 Burundi haina tena jandarmeri, yaani wanajeshi wenye kazi ya polisi. Kuna jeshi, kuna polisi ya taifa na kuna idara ya upelelezi, na kila chombo kina kazi yake. Wanaosikika zaidi ni hawa:

- Wizara ya Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani, pamoja na jeshi lenyewe, FDNB: mazoezi, kambi, kuandikisha askari, na vikosi vilivyoko nje ya nchi.
- Wizara ya Mambo ya Ndani, pamoja na polisi: mipaka, misako ya nyumba kwa nyumba, vyombo vya usafiri, na lile daftari la kaya linaloorodhesha wanaolala nyumbani kwako.
- Utawala wa eneo, kuanzia gavana hadi mkuu wa mtaa: saa za soko, barabara zilizofungwa, mikutano.

Watu wengi huchanganya wa kwanza na wa pili. Tarehe 11 Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake na Rwanda, sababu ilikuwa ya kiulinzi: shambulio la Desemba 2023 huko Vugizo, karibu na mpaka wa Kongo, ambalo kundi la waasi la RED-Tabara, lililodaiwa na Burundi kusaidiwa na Rwanda, lilidai kulifanya na ambalo serikali ilisema liliua watu 20. Hata hivyo aliyetangaza hakuwa mwanajeshi. Alikuwa Martin Niteretse, Waziri wa Mambo ya Ndani. Mfanyabiashara aliyengoja msemaji wa jeshi athibitishe angengoja bure, kwa kuwa anayefunga lango la mpaka ni yule mwenye polisi wa mpaka. Rwanda nayo ilisema habari hiyo iliisikia kupitia vyombo vya habari. Ikiwa serikali jirani ilijua kwa njia ya redio na magazeti, basi mchuuzi aliyekuwa upande wa pili na gunia lake asijione mjinga kwa kushtukizwa.

Maneno yanayopotea njiani

Burundi ina lugha tatu rasmi kwa sheria ya 2014: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili kinafundishwa shuleni, redio ya taifa hutangaza habari kwa lugha hiyo, na katika Buyenzi, Bwiza au Rumonge watu wanacheka, wanagombana na kuchumbiana kwa Kiswahili. Tangazo linaloanzia kwenye Kifaransa, likapita kwenye Kirundi cha mtangazaji, likaishia kwenye Kiswahili cha jirani, limevuka mito miwili. Kila mto huchukua kitu. Nimeona vitu vinavyozama mara kwa mara, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kinachozama kwanza ni uzito wa kitenzi. "Wananchi wanaombwa" si sawa na "wananchi wanatakiwa," na yote mawili si sawa na "ni marufuku." Ombi ukilikataa hukosi kisheria, hata kama umekosa busara. Katazo ukilivunja kuna adhabu, na tangazo zuri huitaja adhabu hiyo au sheria inayoiweka. Jirani anayetafsiri kwa haraka huvimwaga vyote kwenye chungu kimoja: "Wamekataza." Kabla hujafanya lolote, mrudishe kwenye karatasi. Mwulize, "Kitenzi kinasemaje hasa?"

Cha pili ni neno dogo "isipokuwa." Kwa Kifaransa ni "sauf," silabi moja tu, nalo ndilo linalobeba wagonjwa, wauguzi, magari ya chakula na wasafiri wenye tiketi. Tangazo likisema hakuna kutembea usiku isipokuwa kwa matibabu, likakufikia bila hiyo nusu ya pili, mama mwenye uchungu wa kuzaa atabaki ndani akingoja kuche.

Cha tatu ni saa. Serikali huandika 18h, saa ya Kizungu inayoanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi, kwa Kiswahili na kwa Kirundi pia, tunahesabu tangu jua linapochomoza, na hiyo 18h kwetu ni saa kumi na mbili jioni. 22h ni saa nne usiku. 5h ni saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyeambiwa "mwisho saa tisa," akadhani ni alasiri kumbe mwandishi alikuwa na maana ya 9h, yaani saa tatu asubuhi, amekosea kwa saa sita nzima. Nchi hii inajua uzito wa hesabu hiyo. Marufuku ya kutembea usiku, ambayo wengi wetu tunaiita kuvrefe, ilidumu tangu 1972 hadi serikali ilipoiondoa Aprili 2006, miaka 34. Watu walizaliwa, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto, huku saa ya kurudi nyumbani ikipangwa na serikali. Ombi langu kwa wanaotafsiri ni hili: taja saa kwa Kiswahili, ongeza asubuhi, jioni au usiku, kisha urudie mara ya pili.

Cha nne ni mwisho wa tangazo. "Jusqu'à nouvel ordre," yaani mpaka itakapotangazwa tena, ni maneno mepesi kwa mwandishi na mazito kwa mchuuzi. Yana maana kwamba hakuna tarehe, na kwamba kimya si ruhusa. Wiki tatu zikipita bila mtu kusema kitu, katazo bado lipo. Watu wengi hukamatwa hapo, si kwa ukaidi, ila kwa kudhani jambo lililonyamaziwa limekwisha.

Na cha tano ni majina ya hali. Mei 2021 jirani zetu wa Kongo walitangaziwa "état de siège" katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "hali ya kuzingirwa," na kuna watu hapa Bujumbura waliosikia hivyo wakaamini Goma imezungukwa na adui. Maana yake kisheria ilikuwa nyingine: kuanzia tarehe 6 Mei 2021 magavana wa kiraia walipisha wanajeshi na maafisa wa polisi, na kesi za jinai zikahamia mahakama za kijeshi. Ni utawala wa kijeshi katika mikoa miwili. Muda wake wa kwanza ulikuwa siku 30, kisha ukawa unaongezwa siku 15, tena 15, tena 15, hadi ikawa miaka. Anayesoma tangazo la namna hiyo asisome muda wa kwanza tu. Aulize pia nani ana uwezo wa kuuongeza, na kwa utaratibu gani.

Lipo pia neno la kambini, "consignés." Wanajeshi wakiwekwa katika hali hiyo wanasimamishiwa likizo na ruhusa za kutoka, wanakaa kambini tayari kwa kazi. Mtaani hutafsiriwa "wanajeshi wamefungiwa," na kabla ya jua kuzama kuna mke wa askari analia akidhani mumewe yuko mahabusu.

*Kwa ufupi:* tafuta kitenzi, tafuta "isipokuwa," geuza saa, tafuta tarehe ya mwisho, na usitafsiri jina la hali bila kueleza kinachobadilika katika maisha ya mtu.

Bujumbura ipi?

Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Komini zilishuka kutoka 119 hadi 42. Mpango huo ulianza kufanya kazi baada ya uchaguzi wa 2025. Kwa msomaji wa matangazo, hili si jambo dogo la ramani. Zamani "Bujumbura" kwenye karatasi ilikuwa jiji, au ile Bujumbura ya vijijini iliyolizunguka, na karatasi ilisema ni ipi. Sasa mkoa wa Bujumbura umemeza jiji, vijiji vyake, Bubanza na Cibitoke, hadi mpaka wa Rwanda na wa Kongo. Tangazo linalosema "mkoa wa Bujumbura" linaweza kuwa linamzungumzia mkulima wa Rugombo, na mwenye duka wa Asiatique akafunga milango kwa hofu isiyo yake. Linaweza pia kuwahusu wote wawili. Usiishie kwenye jina la mkoa. Shuka: komini gani, zoni gani, mtaa au mlima gani. Karatasi isiyoshuka hivyo ina kasoro, na una haki ya kuuliza.

Hesabu ya waliokufa

Hapa nataka kuzungumza taratibu, kwa sababu kuna nyumba ambazo matangazo haya husomwa kwa machozi.

Askari wa Burundi walianza kwenda Somalia Desemba 2007, chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 3 Mei 2022, katika siku za Idi, kambi yao ya El-Baraf ilishambuliwa na Al-Shabaab. Komunike ya jeshi ilisema askari 10 wamekufa, 25 wamejeruhiwa na 5 hawajulikani walipo. Washambuliaji wakadai wameua 173. Mzazi aliyekuwa Kamenge au Gitega siku ile alikuwa na namba mbili mkononi, na hakuna iliyomwambia habari za mtoto wake.

Namba ya serikali inayotoka kesho yake ni ya waliokwisha kuhesabiwa na kutambuliwa, na ni namba ya tarehe ile. Namba ya mshambuliaji ni silaha yake nyingine, anataka uogope. Neno la kulitazama zaidi katika komunike ni lile la mwisho, "hawajulikani walipo." Halina maana ya kufa wala ya kutekwa. Lina maana kwamba hesabu haijafungwa, na kwamba komunike nyingine inatakiwa kufuata. Wengi husoma ya kwanza na hawaitafuti ya pili. Nayo serikali, nasema kwa heshima na kwa uchungu, isingoje mzazi asikie jina la mwanawe mitandaoni. Familia ipewe habari kwanza, mlangoni, na mtu aliyevua kofia.

Katika jambo hili hili raia ana kipimo kizuri ambacho wachache wanakijua. Katiba ya 2005, iliyozaliwa na Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ilisema rais anapotumia majeshi, iwe kulinda nchi, kurudisha usalama au kutimiza ahadi za kimataifa, alifahamishe Bunge upesi na kwa kina mambo matatu: sababu, mahali na muda. Kwa nini, wapi, mpaka lini. Mbunge alitakiwa kuambiwa hayo, nawe unaweza kulipima kila tangazo la vikosi kwa maswali yaleyale. Likikosa jibu moja, unajua ni lipi la kumwuliza mbunge wako.

Matangazo mawili ya siku moja

Itakuwaje sauti mbili zikisema mambo mawili, zote kwa sare za jeshi? Sisi tumeliona hilo. Tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi kwamba rais ameondolewa, na akaamuru uwanja wa ndege na mipaka vifungwe. Watu walijaa barabarani. Ikulu nayo ikaandika mtandaoni kwamba hakuna mapinduzi yoyote. Usiku Jenerali Prime Niyongabo, mkuu wa majeshi, akasikika kwenye redio ya taifa akisema jaribio limeshindwa. Tarehe 14 risasi zilirindima kuizunguka RTNB, redio na televisheni ya taifa, na katika siku hizo mbili redio za mji, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, na Rema FM iliyokuwa upande wa serikali, zikavamiwa na kuharibiwa. Tarehe 15 rais alikuwa amerudi nchini.

Sitafuti nani alikuwa na haki. Vitabu vingine vitasema. Ninamtazama mtu aliyekuwa Nyakabiga jioni ya tarehe 13 na redio sikioni. Tangazo la Niyombare lilikuwa na jina, cheo na amri wazi. Halikuwa uzushi, maneno yalitamkwa kweli. Ila kutamkwa na kutekelezeka ni vitu viwili, na saa zile hakuna mwananchi wa kawaida aliyeweza kujua nani anashika redio ya taifa, kambi na uwanja wa ndege kwa pamoja. Aliyetoka kushangilia na aliyetoka kupinga wote walikuwa wametii tangazo ambalo bado lilikuwa linapiganiwa. Siku kama hiyo mimi nasema: kaa ndani, weka maji na chakula, usisambaze sauti yoyote, subiri hadi watu wasiopatana waseme jambo moja. Hadhi yako haipungui kwa kungoja usiku mmoja.

Likisema "usiguse," usiguse

Hapa sina maneno mengi. Ghala za mabomu za jeshi zililipuka Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, walikufa zaidi ya 200. Baada ya milipuko ya namna hiyo hubaki vyuma vilivyorushwa mbali bila kulipuka, viko mashambani na juu ya mapaa. Burundi iliyopita kwenye vita vya miaka mingi ina guruneti zilizozikwa na waliokwisha kusahau. Mtoto huona chuma cha kuuza kwa kilo. Mwambie leo, kabla tangazo halijatoka: asiguse, asirushie jiwe, aweke alama kwa mbali, aite mtu mzima.

Tuliandike upya

Mfano huu nimeutunga mwenyewe, ila lugha yake utaitambua:

"Umma unafahamishwa kwamba, katika mfumo wa utekelezaji wa mpango wa mafunzo ya vitengo, kutafanyika zoezi la ufyatuaji wa silaha nzito kuanzia tarehe 10 hadi 12, kati ya 6h na 15h. Wakazi wa maeneo yanayopakana wanaombwa kutokuwa na hofu, na ni marufuku kuingia katika eneo husika, isipokuwa kwa wenye kibali."

Sasa chukua kalamu, uwaandikie jirani zako:

"Ndugu zangu, tarehe 10, 11 na 12 mtasikia mizinga. Si vita, ni wanajeshi wetu wanajifunza. Wataanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa tisa alasiri, siku zote tatu. Kutokuogopa ni ombi. Kutoingia ni katazo: usipeleke ng'ombe, usikate kuni, usipite njia ya mkato, mpaka uwe na karatasi ya ruhusa. Wazee na watoto waambiwe usiku wa tarehe 9, wasije wakashtuka usingizini. Mahali penyewe ni ........................"

Nafasi hiyo sikuijaza, kwa sababu karatasi haikusema "eneo husika" ni wapi. Usiijaze kwa kukisia. Mpelekee nyumbakumi wako karatasi hiyo mapema, naye aipeleke kwa mkuu wa mtaa, na mkuu wa mtaa apige simu kwenye komini. Jina la mlima likirudi, liandike hapo, kisha usome kwa sauti mbele ya watu wote, na umwache anayetaka kuuliza aulize.